Kununua kicheza muziki cha mkononi jijini Nairobi: anza na nyimbo ulizo nazo

Muuzaji wa vifaa vya elektroniki katika barabara ya Luthuli humpokea mteja kwa swali moja, "Uko na ngapi, mzee?", na mteja asiyejiandaa hujikuta akitaja kiasi cha fedha kabla hajajua anachokitafuta. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: una muziki gani, umehifadhiwa katika umbo gani, na unausikilizia wapi? Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa sababu nimenunua vicheza muziki vinne katika maisha yangu, na viwili nilivyovijutia ni vile nilivyovichagua kwa kutazama chombo badala ya kutazama nyimbo.

Mimi si fundi. Nilikulia katika nyumba ya Nairobi ambamo santuri za inchi 7 zilipewa nafasi nzuri kabatini kuliko vikombe vya wageni. Wimbo wa benga au wa rumba wa miaka ya 1970 mara nyingi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri hizo, hivyo ulikatwa, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na kazi yangu utotoni ilikuwa kukimbia kuigeuza santuri kabla wacheza dansi hawajapoa. Baadaye zikaja kanda, kisha diski, kisha simu, na katika kila hatua nilizihamisha nyimbo zilezile za Shirati Jazz, za Les Wanyika, za Super Mazembe na za Joseph Kamaru, huku baadhi zikipotea njiani kwa uzembe wangu.

Huenda ukauliza kwa nini mwenye simu anunue chombo kingine. Simu hukatiza wimbo kila inapopigwa, humaliza betri ambayo utaihitaji jioni kulipa nauli kwa M-Pesa, na siku hizi nyingi hazina tundu la kuchomekea waya wa vipokea sauti. Kwa msafiri wa Nairobi ipo sababu nyingine nzito kuliko hizo zote: anayeketi dirishani mwa matatu na kuitoa simu kila mara ili kubadilisha wimbo anamwonyesha mnyakuzi mahali pa kunyoosha mkono. Kicheza muziki chenye vitufe huendeshwa kikiwa mfukoni. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo linalokusumbua, basi baki na simu yako na uzitumie fedha hizo kununua vipokea sauti bora, kwani tofauti utakayoisikia itakuwa kubwa zaidi.

Hesabu ulicho nacho kabla ya kwenda dukani

Keti jioni moja ugawe muziki wako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni faili zilizo mali yako, yaani zile zilizo ndani ya kompyuta, flashi au simu, ambazo unaweza kuzinakili utakavyo. Fungu la pili ni nyimbo zilizomo katika kanda, santuri na diski. Fungu la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni nyimbo unazozisikiliza kupitia programu kama Spotify, Boomplay au Apple Music. Nyimbo za fungu hili, hata ukiwa umezipakua ili uzisikilize bila intaneti, zimefungwa ndani ya programu yenyewe na haziwezi kunakiliwa kwenda kwenye kifaa kingine kama faili za kawaida. Mtu ambaye muziki wake wote umo katika fungu la tatu, kisha akanunua kicheza muziki kidogo kisicho na mfumo wa Android, atafika nyumbani na chombo kitupu.

Ukishajua mafungu, piga hesabu ya nafasi. Faili ya MP3 ya kiwango cha juu, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, hutumia takriban megabaiti 2.4 kwa kila dakika, hivyo saa nzima huchukua karibu megabaiti 144, na kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 200 za muziki. Faili za FLAC huhifadhi kila kitu kilichomo katika diski bila kupunguza chochote, lakini hutumia nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo kadi hiyohiyo itabeba kati ya saa 80 na 100 hivi. Hesabu hii itakuokoa na muuzaji anayekusihi ulipie gigabaiti 512, ilhali muziki wako wote hautajaza hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo.

Kanda zinahitaji subira. Chukua redio kaseti inayofanya kazi vizuri, safisha kichwa chake kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya kusafishia, kisha unganisha tundu lake la vipokea sauti na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wenye ncha za milimita 3.5 pande zote mbili. Programu ya Audacity hupatikana bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Hakuna njia ya mkato: kanda ya C60 itachukua saa nzima na ya C90 saa moja na nusu, kwa kuwa ni lazima ichezwe yote. Rekodi jaribio la dakika mbili kwanza, ukichagua mahali ambapo ngoma na sauti za waimbaji zimepanda juu kabisa, ili uone kama sauti inaingia kwa nguvu kupita kiasi na kukwaruza, kwa maana mkwaruzo wa aina hiyo hauondoki tena baada ya kurekodiwa. Hifadhi nakala moja katika FLAC kwenye kompyuta, na utengeneze nyingine ya MP3 kwa ajili ya kubeba.

Kisha andika majina. Kicheza muziki hakisomi jina la faili peke yake, bali husoma maelezo yaliyofichwa ndani yake, yaani msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo. Nyimbo zilizopakiwa kwenye flashi katika saiba au na DJ mara nyingi hazina maelezo hayo, au zina jina la DJ mahali pa jina la mwimbaji. Mimi niliwahi kuwa na "D.O. Misiani", "D. O. Misiani" na "Daniel Owino Misiani" katika kadi moja, na kifaa changu, ambacho hakijui lolote kuhusu benga, kikamtenga mwanamuziki huyo mmoja wa Shirati Jazz kama watu watatu tofauti. Programu ya Mp3tag husahihisha faili nyingi kwa pamoja, lakini kwa zilizopendwa za hapa nyumbani utalazimika kuandika mengi kwa mkono, kwa sababu orodha nyingi za maelezo zilizo mtandaoni hazina habari za santuri zetu. Weka pia sehemu ya kwanza na ya pili za wimbo kwa namba zinazofuatana, la sivyo kifaa kinaweza kuzitenganisha.

Chagua aina, kisha jina la kampuni

Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mnamo Julai 1979, mnunuzi hakuwa na aina nyingi za kuchagua. Leo zipo tatu zinazostahili kufikiriwa.

Aina ya kwanza ni kile kidogo chenye vitufe na skrini ndogo, ambacho wengi mjini bado hukiita "MP3" tu. Ni chepesi, betri yake hudumu, na hakiunganishwi na intaneti. Kwa anayebeba faili zake mwenyewe na kusafiri kila siku kutoka Rongai au Githurai, hiki ndicho ninachokipendekeza kwanza. Aina ya pili hutengenezwa na kampuni za China kama FiiO, Shanling na HiBy kwa ajili ya wasikilizaji makini. Huwa na kikuza sauti chenye nguvu zaidi, husoma FLAC bila taabu, na huingiza kadi kubwa. Aina ya tatu ni ile yenye Android, zikiwemo baadhi ya Walkman za sasa za Sony, na hii ndiyo pekee inayomfaa mtu wa fungu la tatu, kwa kuwa hukubali kuwekewa programu za muziki. Gharama yake ni kubwa, na betri yake huisha haraka kuliko za wenzake.

Kuhusu iPod, ambayo huuliziwa sana na watu wa rika langu: Apple iliianza Oktoba 2001 na ikatangaza mwisho wake Mei 2022. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia iPod "mpya" leo, hata ikiwa ndani ya kasha lake, anakuuzia chombo ambacho betri yake imekaa miaka. Zile za zamani zenye diski inayozunguka ndani ziweke sikioni kabla ya kulipa. Ukisikia kugongagonga, irudishe mezani. Ukiona kioo au mgongo umevimba, betri imefura, na hapo hata bei ya kutupa isikushawishi.

Usilipe zaidi kwa ajili ya namba kubwa zilizochapishwa kwenye kasha. Diski ya kawaida (CD) hurekodiwa kwa kilohezi 44.1, yaani sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na biti 16, kiwango kinachotosha kubeba mawimbi ya sauti hadi karibu kilohezi 22, ilhali sikio la binadamu, hata la kijana, hukoma karibu na kilohezi 20. Wimbo ulionakiliwa kutoka kwenye kanda ya mwaka 1982 hautapata nyuzi mpya kwa kuchezwa katika chombo cha kilohezi 192. Sifa mbili ambazo mimi huziulizia hazichapishwi kwa herufi kubwa: kwanza, kama kifaa hupita kutoka faili moja hadi nyingine bila kimya katikati, jambo linalowahusu sana wapenzi wa nyimbo zilizokatwa mara mbili na wa maonyesho ya jukwaani, na pili, kama hukumbuka mahali uliposimamia baada ya kuzimwa.

Kadi ya kumbukumbu

Hapa ndipo nilipoibiwa. Nilinunua memori kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 katika kijiduka kimoja cha vioo katikati ya jiji, kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua, nikapakia muziki wangu wote, na kompyuta ikaniambia kwamba kazi imekamilika. Wiki ya pili nyimbo zikaanza kukatika baada ya sekunde chache, nyingine zikafunguka kama kelele tupu. Kadi ilikuwa na gigabaiti 8 za kweli. Kadi bandia za namna hii hubadilishwa programu ya ndani ili zidai ukubwa zisiokuwa nao, na kila kinachozidi nafasi halisi huandikwa juu ya kilichotangulia au hupotea kabisa. Niliporudi pale, kijana aliyeniuzia aliniita "baba yangu" mara nyingi sana, lakini hakunirudishia hata shilingi.

Nunua kadi katika duka ambalo litakupa risiti, na uipime kabla ya kuiwekea chochote. Kwenye kompyuta ya Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux au Mac ipo F3. Zote mbili huijaza kadi yote kisha huisoma upya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Upimaji wa kadi kubwa huchukua saa kadhaa, kwa hivyo uanze usiku ukiwa unalala, na uombe stima isipotee.

Jambo jingine dogo ambalo huwasumbua watu bure: kadi za gigabaiti 64 na zaidi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa faili uitwao exFAT, wakati vifaa vingi vya zamani au vya bei nafuu husoma FAT32 pekee. Kadi ikikataa kusomeka, isilaumiwe mara moja. Soma kwanza maelezo ya kifaa uone kinakubali ukubwa gani na mpangilio upi.

Siku ya kwenda dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla Luthuli haijafurika, ukiwa umebeba vipokea sauti vyako mwenyewe na kadi yenye nyimbo tano au sita unazozijua kwa moyo. Usikubali kupimiwa kifaa kwa wimbo wa muuzaji, kwani huo umechaguliwa kwa sababu besi yake humtetemesha kila mtu. Mimi hubeba wimbo mmoja wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ambamo njuga za gara mguuni na pete ya chuma ya oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu husikika kila kimoja mahali pake. Kifaa duni huzichanganya hizo mbili zikawa mlio mmoja wa bati. Hubeba pia taarabu yenye fidla na ala ya nyuzi iitwayo kanuni, kwa sababu fidla zikipigwa pamoja huonyesha haraka kama sauti za juu zinakera sikio. Wimbo wa tatu ni benga, ambao huniambia kama gitaa la besi linatembea na kusikika noti kwa noti au linavuma tu kama jenereta ya jirani. Wa mwisho ni sauti ya mtu mmoja anayeimba polepole, kwani sauti ya binadamu ndiyo ambayo sikio hudanganyika nayo kwa shida zaidi.

Sikiliza kila wimbo kwa sauti ya chini kwanza. Katika sauti ya chini utagundua kama upande mmoja una nguvu kuliko mwingine, na wimbo ukisimamishwa utasikia kama kuna mvumo wa nyuma usiokoma. Zungusha ncha ya waya taratibu ndani ya tundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea, nawe usikubali kuambiwa kwamba ni waya. Kisha kitie kifaa mfukoni na ujaribu kuruka wimbo, kusimamisha na kupunguza sauti bila kutazama. Muuzaji atakushangaa, naye ana haki ya kushangaa, lakini hivyo ndivyo utakavyokitumia kila siku.

Ikiwa vipokea sauti vyako ni vikubwa vya kufunika masikio, angalia ukinzani wake wa umeme, ambao hupimwa kwa omu. Vya omu 16 hadi 32 huendeshwa na karibu kila kifaa, lakini vya omu 250 au 300, vinavyotengenezwa kwa ajili ya studio, vinaweza kunong'ona tu katika kicheza muziki kidogo. Kwa wapenzi wa Bluetooth nitasema machache: ubora wa sauti hutegemea kodeki, yaani njia ya kubana sauti kabla ya kuirusha, ambayo kifaa na vipokea sauti vyote viwili huielewa, na kimoja kikikosa kodeki ya LDAC, kulipia LDAC katika kingine hakuna faida.

Kwa ajili ya matatu nakushauri uchague vipokea sauti vinavyoziba tundu la sikio. Matatu zetu hucheza muziki wao wenyewe, na abiria anayetumia vipokea sauti visivyoziba hulazimika kupandisha sauti juu ya sauti ya gari. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za usikilizaji kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo kwa desibeli 83 unabaki na saa 20, na kwa 86 saa 10. Anayetumia muda wa saa mbili safarini kila asubuhi na muda kama huo kila jioni katika msongamano, siku tano kwa wiki, anazimaliza saa 20 barabarani tu. Ukishuka, toa kimoja sikioni kabla ya kuvuka, maana bodaboda haisubiri kiitikio kiishe.

Kulipa na siku za mwanzo

Bei ya kwanza inayotajwa ni mwanzo wa mazungumzo. Tembelea angalau maduka matatu kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Ukiagiza kutoka ng'ambo, usilinganishe bei ya mtandaoni na ya Luthuli kabla ya kuongeza nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16, kwa sababu hapo ndipo bei ya rahisi hugeuka kuwa ghali. Lipa kwa M-Pesa baada ya kukagua, wala si kabla, hakikisha jina linalojitokeza kwenye simu ni la duka lenyewe, na udai risiti ya ETR, yaani ya mashine ya kodi, yenye namba ya kifaa pamoja na muda wa waranti ulioandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, lakini ni vigumu kuidai haki hiyo bila karatasi.

Katika siku saba za kwanza kitumie kifaa kwa bidii kuliko utakavyokitumia baadaye. Kijaze chaji, ukiache kicheze mfululizo hadi kizime chenyewe, uandike kimedumu saa ngapi, na ulinganishe na ilivyoandikwa kwenye kasha, ukikumbuka kwamba watengenezaji hupima kwa sauti ya chini na skrini ikiwa imezimwa. Kikipungukiwa kidogo, vumilia. Kikifikisha nusu tu, kirudishe siku hiyohiyo, kikiwa na kasha, waya na risiti. Yangu ya sasa iliahidiwa saa 15 ikanipa 13, nami nikaridhika. Risiti nimeikunja ndani ya kasha la kanda ya zamani, pale juu ya kabati zilipokuwa santuri.